Kigari cha kilomita 45 kwa saa: Ufaransa haikukosea

Ufaransa kuna vigari ambavyo mtu yeyote aliyezaliwa kabla ya Januari 1, 1988 anaruhusiwa kuviendesha bila leseni. Haulizwi cheti, hafanyi mtihani, hakai darasani hata siku moja kufundishwa alama za barabarani. Kila ninapowasimulia madereva wa nyumbani, ambako hata bodaboda na bajaji vinadai leseni, wananiambia hao wazungu wamechoka kuishi. Na Wafaransa wenyewe wengi hawavisemi vizuri. Wanaviita makopo ya mtindi. Wengine wanaviita magari ya walevi, kwa sababu aliyenyang'anywa leseni kwa kuendesha amelewa anaweza kununua kimoja na kurudi barabarani akiwa bado anatumikia adhabu yake.

Hoja ya walevi ni nzito na nitaifikia. Ila wengi wanaoitoa hawajawahi kukitazama chombo chenyewe wala wanaokitumia.

Kigari hiki kina viti viwili. Kikiwa kitupu uzito wake hauruhusiwi kuzidi kilo 425, na kimetengenezwa kisivuke kilomita 45 kwa saa. Barabara kuu za kasi hakiruhusiwi kuzikanyaga. Bima ni lazima na mkanda ni lazima. Kiwango cha pombe ni kilekile cha madereva wa kawaida, nusu gramu kwa lita ya damu. Kilichosamehewa ni leseni peke yake; sheria za barabarani zinabaki palepale. Tarehe ya 1988 nayo haikuokotwa hewani: kuanzia mwaka 2004, vijana waliokuwa wanatimiza miaka 16 walianza kudaiwa cheti cha mafunzo, na hao ndio waliozaliwa kuanzia 1988. Leo kijana wa miaka 14 anaweza kukiendesha, lakini baada ya mafunzo ya saa 8. Waliokuwa wakubwa tayari waliachwa walivyo, kama Uingereza ilivyofanya ilipoanza kulazimisha mtihani wa udereva mwaka 1935: waliokuwa na leseni zao za zamani hawakurudishwa kufanya mtihani.

Jirani yangu mmoja kijijini ana umri wa kuwa bibi yangu. Maisha yake yote aliyeshika usukani alikuwa mumewe, yeye hakujifunza. Mzee alipofariki, basi pekee lililokuwa likipita pale lilikuwa la wanafunzi, asubuhi na jioni, na likizo halipiti kabisa. Duka la dawa liko kilomita 11. Watoto wakamnunulia kigari cha dizeli cha mtumba, kinachotetemeka kama mashine ya kusaga. Siku moja alinipa lifti. Kikapu kilikaa magotini kwangu, mikono yake miwili haikuachia usukani, na kila alipoona kwenye kioo magari matatu yamejipanga nyuma yetu aliwasha taa ya pembeni, akasogea mpaka kwenye majani, akasimama, akawapisha. Safari nzima alifanya hivyo mara nne. Hakuna aliyemfundisha darasani.

Ukimwambia bibi huyu akasomee leseni ya kawaida, unamwambia alipie saa zisizopungua 20 za mafunzo ya kuendesha gari la gia, juu yake mtihani wa nadharia na wa vitendo, katika umri wa miaka 70 na ushee. Hataenda. Atabaki ndani, akisubiri mtoto aje mwisho wa wiki.

Sasa tupige hesabu, maana hapa ndipo mjadala wote unapopotea njia. Madhara ya kugonga hufuata nguvu ambayo chombo kimebeba kikiwa mwendoni, na nguvu hiyo hupanda kwa uzito, halafu kwa mwendo mara mwendo. Chukua kigari na dereva wake, kilo 500, kwa kilomita 45 kwa saa. Chukua gari la kawaida na dereva wake, kilo 1,500, kwa kilomita 80, ambayo ni kasi ya kawaida ya barabara za vijijini kule. Uzito umezidi mara 3 tu, lakini nguvu imezidi mara 9 na nusu. Lipandishe gari hilohilo kwenye barabara kuu, ambako linaruhusiwa kufika 130, inakuwa mara 25. Mara ishirini na tano! Na leseni ya gari dogo Ufaransa haina upimaji wa afya wa mara kwa mara. Aliyefaulu mtihani mwaka 1970 anaweza kuendesha kwa 130 leo, macho yamefifia, shingo haigeuki, na hakuna anayemwita kupimwa. Huyo hatuulizi. Tunamuuliza bibi wa kilomita 45.

Nami hesabu hiyo siifichi upande wake wa pili. Ikiwa kigari ndicho kinachogongwa, wepesi uleule unamgeukia aliye ndani. Vyombo hivi havipiti majaribio ya kugongwa ambayo magari ya kawaida hulazimishwa kupita. Mwaka 2016 Euro NCAP, shirika la Ulaya linalopima usalama wa magari, liliwapima ndugu zao walio wazito kidogo, mmoja wao akiwa Qute wa kampuni ileile ya Bajaj tunayoijua kwa bajaji zetu, na matokeo yalikuwa mabaya. Kuna pia vijana wanaofungua kidhibiti mwendo ili kigari kikimbie kuliko breki na bodi yake vilivyokusudiwa. Hapo hesabu yangu yote inaanguka, na polisi wakikikamata wana haki ya kukizuia.

Na mlevi je? Anayeudhika kumwona barabarani simlaumu. Kama aliyempoteza mtu wake kwa dereva mlevi angeniuliza, ningekosa pa kuweka uso. Lakini hakimu wa Ufaransa tayari ana mamlaka ya kumpiga mtu marufuku hata kwa vyombo visivyohitaji leseni, kwa muda unaoweza kufika miaka 5. Kwa aliyerudia kosa, ningependa marufuku hiyo iwe kawaida kuliko kuwa hiari. Kwa aliyekosea mara moja, nauliza tu: kijijini kusiko na basi, kazi iko kilomita 20, atafanya nini? Baadhi watakaa nyumbani. Wengine watachukua lile gari la kilo 1,500 na kuliendesha kwa kuibia, bila leseni, na bima ikiwa mashakani. Kati ya hao na mwenye kigari, najua nani ningependa akutane na mwanangu anayetoka shule kwa baiskeli.

Msamaha huu, kwa vyovyote, una mwisho wake. Mdogo kuliko wote wanaonufaika nao alizaliwa Desemba 31, 1987, na atatimiza miaka 70 mwishoni mwa 2057. Wanaotaka ufutwe kesho hawamwahi kijana yeyote, maana vijana wote wanadaiwa cheti tayari. Watakayemkuta ni jirani yangu, amesimama pembeni kwenye majani, taa inawakawaka, anawapisha wapite.