Posa ya uzeeni iende mchana

Mama mjane wa miaka 58, mwenye wajukuu watano, akianza kutembelewa na baba mjane wa kigango (kanisa dogo chini ya parokia) cha jirani, iwe Masasi, iwe Nachingwea, maneno huanza kabla kiti hakijapata joto. "Uzee huu anatafuta nini?" Anatafuta mwenza. Anatafuta wa kuitikia naye rozari jioni, na wa kumkumbusha vidonge vya presha. Paulo alishalisema katika 1 Wakorintho 7:39: mke aliyefiwa na mume yu huru kuolewa na amtakaye, mradi iwe katika Bwana. Kifungu cha 68 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 nacho kinamwachia mjane akae anapopenda, abaki bila mume au aolewe na mwanamume amchaguaye yeye, hata kama mila inasema vingine.

Kinachoharibu ndoa hizi, kwa maoni yangu, ni siri. Umri hauna kosa. Watu wazima wawili wanaona haya, wanaonana gizani, watoto wanasikia sokoni, na jambo jema linageuka kesi ya ukoo.

Kwa hiyo mapema kabisa mwenyekiti wa jumuiya ndogo ya Kikristo na katekista wajue. Jumuiya inasali nyumba kwa nyumba kila wiki. Inajua nani kafiwa kweli na nani kamwacha mke Kilwa akajiita mjane. Huo ndio ubora wa kumpata mtu kanisani kuliko kumpata kwenye simu. Na anayekuja na neno "Mungu amenionyesha wewe ni mke wangu," kisha anataka jibu wiki hiyo hiyo, aambiwe asubiri. Kama Mungu amesema, atasema pia na yule mwingine.

Karatasi ndizo zinazochelewesha. Kwa Wakatoliki, cheti cha ubatizo kilichokaa sandukuni miaka 40 hakitoshi. Paroko anataka nakala mpya, isiyozidi miezi 6, kwa sababu ndoa ikifungwa popote, habari zake hurudishwa na kuandikwa kwenye daftari la parokia alikobatizwa mtu. Aliyebatizwa Ndanda akaoa Lindi, daftari la Ndanda linatakiwa kuonyesha hivyo. Cheti cha zamani hakionyeshi. Mjane alete pia cheti cha kifo cha mwenzake. Wengi walizika kijijini bila kuandikisha, basi waanze mapema kwa mtendaji wa kijiji na ofisi ya RITA, wakala wa serikali wa kusajili vizazi na vifo, wilayani, maana hapo miezi hupotea. Aliyeachana kwa talaka ya mahakama ajue kwamba kwa Kanisa Katoliki bado hajawa huru, mpaka mahakama ya Kanisa itamke kwamba ndoa ile ya kwanza ilikuwa batili. Kama mchumba hajabatizwa, na huku kwetu majirani wengi ni Waislamu, kinahitajika kibali cha Askofu. Mama aliyekwisha kukoma hedhi asitishwe na mtu: kanuni ya 1084 ya Sheria za Kanisa inasema wazi kuwa ugumba si kizuizi cha ndoa.

Serikali inataka taarifa siku 21 kabla, na Kanisa hutangaza Jumapili 3. Zote zinakwenda pamoja bila shida. Kusubiri fedha za korosho ili sherehe iwe kubwa sikuungi mkono. Sufuria mbili za pilau na misa ya asubuhi zinatosha.

Sasa mikorosho, maana huku Kusini ndoa nyingi za wajane hukwama hapo. Kwa Wamakonde, Wamakua na Wamwera, ukoo unafuatwa upande wa mama, na mjomba ana neno. Shamba analolima mama linaweza kuwa la ukoo wake. Shamba la baba linatazamwa na watoto wake na wapwa zake pia. Kabla ya posa, watembee shambani na watoto wakubwa, wahesabu miti. Ekari moja iliyopandwa mita 12 kwa 12 ina miti kama 28. Ikizidi sana au ikipungua, mpaka uulizwe siku hiyo hiyo. Waandike idadi, majirani wa mpaka, na jina lililo kwenye daftari la AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima.

Sababu ni hii. Mali ya mtu aliyoingia nayo hubaki yake, lakini kifungu cha 114 cha Sheria ile ile ya Ndoa, mali zinapogawanywa ndoa ikivunjika, kinahesabu pia mali ya zamani iliyoboreshwa sana kwa jasho la mwenzake au la wote wawili. Mume mpya akipogolea mikorosho na kuipulizia dawa ya salfa kwa misimu mitano, ana la kudai wakiachana. Anastahili, ila watoto walijue mapema. Na korosho za mama zisipimwe kwa jina la baba: malipo huingia akaunti ya mkulima aliyesajiliwa, na hapo ndipo ugomvi wa msimu wa kwanza huzaliwa. Wosia wa zamani uandikwe upya baada ya harusi, kwa kuwa ndoa mpya inaweza kuubatilisha, na mashahidi wasipungue wawili wala wasiwe warithi.

Kuna watakaosema hayo yote ni kukosa imani. Wasome Ruthu sura ya 4. Boazi, mtu mzima, alikaa langoni na wazee kumi, akaanza na habari ya shamba la Elimeleki, ndipo akafika kwa Ruthu. Kikao kilikuwa kimoja, mbele ya watu.

Mjomba apelekewe mshenga. Watoto waambiwe na mzazi wao mwenyewe, kila upande peke yake, kabla jina halijafika ofisi ya parokia. Jumapili ya tangazo la kwanza wakae benchi moja na wazee wao. Padre akisoma yale majina mawili kanisa zima litageuka kuwatazama, na wakute nyuso zilizokwisha kujua.