Muuguzi wa Kiwandani Awe Miongoni mwa Wanaoamua

Kwa watu wengi, muuguzi wa kiwandani ni mtu anayekaa katika chumba kidogo karibu na lango, mwenye kabati la dawa za maumivu na kitanda kimoja, akisubiri aliyekatwa kidole aletwe. Mtazamo huo ndio unaopanga mshahara wake, cheo chake na hata mahali kilipo chumba chake, na kwa maoni yangu ndio unaowanyima wafanyakazi ulinzi ambao taaluma hii ingeweza kuwapa. Muuguzi aliyebobea katika afya ya kazini ni kiongozi, na uongozi wake hauna budi kupimwa kwa uwezo alionao wa kuibadilisha kazi inayowaumiza watu, wala si kwa idadi ya majeruhi aliowafunga vidonda.

Historia ya taaluma yenyewe inaupinga mtazamo huo. Mwaka 1700 daktari Mwitaliano Bernardino Ramazzini aliwahimiza madaktari wenzake wamuulize kila mgonjwa anafanya kazi gani, kwa kuwa alikuwa ameyachunguza maradhi ya wachimbaji madini, wafinyanzi, wachoraji na watu wa kazi nyingine nyingi. Phillipa Flowerday, muuguzi aliyeajiriwa mwaka 1878 na kampuni ya haradali ya Colman mjini Norwich, Uingereza, alikuwa akimsaidia daktari wa kiwanda asubuhi, na mchana akiwatembelea wafanyakazi wagonjwa majumbani. Ada Mayo Stewart, aliyeanza kazi mwaka 1895 katika kampuni ya marumaru huko Vermont, Marekani, naye alizizungukia nyumba za wafanyakazi na familia zao. Waasisi hawa hawakungoja mgonjwa abishe hodi, na sioni sababu ya warithi wao, wenye elimu kubwa zaidi na vipimo bora zaidi, kufungiwa chumbani.

Nguvu ya muuguzi huyu imo katika daftari lake. Mfanyakazi mmoja akija analalamikia kifundo cha mkono, hupewa dawa ya kuchua na siku mbili za mapumziko, na jambo likaishia hapo. Lakini muuguzi anayelisoma daftari lake, badala ya kuliandika tu, ataona kwamba watu wanne waliolalamikia mkono ndani ya mwezi mmoja wanatoka meza moja ya kufungasha na zamu moja, na kwamba malalamiko yalianza baada ya mashine mpya kufungwa. Msimamizi wa zamu atasema ni uvivu. Hapo ndipo uuguzi unapogeuka kuwa uongozi: anashuka karakana, anasimama kando ya meza kwa muda wa kutosha kuona kwamba boksi linafika likiwa limelala upande, kwamba kila mfanyakazi analazimika kukunja kifundo na kuligeuza kwa nguvu ya vidole, na kwamba tendo hilo hurudiwa mamia ya mara kabla ya saa ya chakula. Hapo anahitajika fundi wa kuigeuza reli inayoleta maboksi. Dawa ya kuchua haitamaliza tatizo. Daktari wa hospitali, hata awe bingwa, hawezi kuliona jambo hilo, kwa sababu kwake wale wanne ni wagonjwa wanne wa siku nne tofauti.

Kelele nazo zinaonyesha jambo hilohilo kwa namna ya kusikitisha zaidi. Nchi nyingi huichukulia kelele ya desibeli 85 (desibeli ni kipimo cha ukali wa sauti) kwa saa 8 kuwa kiwango ambacho mwajiri lazima achukue hatua, na kwa hesabu inayotumiwa na wataalamu wengi, kila zinapoongezeka desibeli 3 muda salama hupungua kwa nusu. Muuguzi anapompima mfanyakazi usikivu, mchoro wa kipimo huonyesha bonde, yaani usikivu uliopungua, karibu na masafa ya hezi 4000, ambayo ni ya sauti nyembamba, wakati mwenyewe bado anazungumza na wenzake bila shida na hajui kwamba amepoteza chochote. Seli za sikio la ndani zikishakufa hazioti tena. Kwa hiyo bonde hilo ni onyo kwa ajili ya usikivu uliobaki na kwa ajili ya wenzake wote wa karakana ile, na anayejua kusoma onyo hilo ndiye muuguzi. Akiishia kugawa viziba masikio, amechagua hatua ya mwisho na iliyo dhaifu kuliko zote, kwani misingi ya kudhibiti hatari kazini inataka kwanza chanzo kiondolewe, kisha kibadilishwe, kisha kizuiwe kwa uhandisi, kisha ratiba za kazi zipangwe upya, ndipo vifaa vya kujikinga vifuate. Hatua zote zinazotangulia viziba masikio zinaamuliwa na watu wenye bajeti, na muuguzi asiyeingia katika vikao vyao hawezi kuzifikia.

Nafasi hiyo ya vikaoni haina maana bila uhuru wa kitaaluma. Mkataba namba 161 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa mwaka 1985, unasema waziwazi kwamba watoa huduma za afya kazini wawe huru kitaaluma mbele ya mwajiri na mbele ya wafanyakazi vilevile, na kwamba mwajiri asiwatake wahakikishe sababu za mtu kutofika kazini. Kifungu hicho cha pili nakipenda kwa namna ya pekee, kwa maana pale muuguzi anapotumwa kuchunguza kama fulani anaumwa kweli, ndipo wafanyakazi wanapoacha kumweleza ukweli. Cheti anachompelekea meneja kinapaswa kusema kwamba mtu anafaa kwa kazi, anafaa kwa masharti fulani, au hafai kwa sasa. Jina la ugonjwa halimhusu meneja. Ndiyo maana naamini kwamba muuguzi mkuu wa afya kazini asiwe chini ya idara ya rasilimali watu, ambayo siku hiyohiyo inaweza kuwa inaandaa barua ya kumwonya mgonjwa wake. Awajibike moja kwa moja kwa mkuu wa taasisi.

Wapo wanaosema uongozi huo ni wa daktari au wa mhandisi wa usalama. Wote wawili wanahitajika sana, lakini macho ya usalama huvutwa na ajali, ilhali makadirio ya Shirika la Kazi Duniani yaliyotolewa mwaka 2023 yanaonyesha kwamba kati ya vifo karibu milioni 3 vinavyotokana na kazi kila mwaka, takriban milioni 2.6 husababishwa na magonjwa na 330,000 na ajali. Magonjwa hayo huja polepole, na mtu wa kuyafuatilia ni yule anayewaona wafanyakazi wakiwa bado wazima, mwaka baada ya mwaka. Nakubali kwamba muuguzi anayetaka madaraka hayo ana wajibu wa kujifunza mambo ambayo shule ya uuguzi huyagusa kwa juu tu: sumu za viwandani, ergonomia (namna ya kuifanya kazi iendane na mwili wa mtu), epidemiolojia (namna magonjwa yanavyoenea katika kundi la watu), sheria za kazi, na pia namna ya kuandaa bajeti na kuitetea mbele ya watu wasiotaka kutoa fedha. Mwajiri naye agharimie masomo hayo kama anavyogharimia ya mhasibu wake.

Kazi moja ya kiongozi huyu husahauliwa kabisa, nayo ni kuwaandaa watakaoshika nafasi yake. Saratani inayotokana na asbesto, madini ya nyuzinyuzi yaliyotumika sana katika ujenzi, inaweza kujitokeza miaka 20, 30 au hata zaidi ya 40 baada ya mtu kuvuta vumbi lake, muda unaoweza kupita utumishi wa muuguzi mmoja. Kumbukumbu za nani alifanya kazi wapi, kwa miaka mingapi na katika vumbi gani ndizo zitakazomsaidia mtu huyo, akiwa sasa mzee, kudai fidia, kwa hiyo zipangwe kwa namna ambayo muuguzi ajaye, asiyemfahamu hata kwa sura, ataweza kuzifungua na kuzielewa.