Ukivuka Horohoro, waandikie waliobaki

Mtu wa Tanga akipata safari ya nje, iwe masomo Istanbul, mzigo Guangzhou au kazi Muscat, wiki ya kwanza simu za nyumbani hazipumui kwa picha. Ndege, ghorofa, theluji, yeye mwenyewe mbele ya duka la vioo. Zinapandishwa status, na baada ya saa 24 zimefutika. Waliobaki Chumbageni na Ngamiani wamejua kafika salama, lakini hawajajua kilo ya mchele huko ni kiasi gani, basi lisilo na kondakta unalilipaje nauli, wala mtu akiugua usiku anapiga simu wapi. Na hayo ndiyo wanayotaka kuyajua. Kwa maoni yangu kila anayevuka mpaka, uwe huu wetu wa Horohoro wa kwenda Kenya au wa mbali zaidi, aandike, tena kwa Kiswahili, akimlenga mtu anayemjua kwa jina, na aandike bei, vipimo na hatua badala ya kusifia tu.

Kazi hii si ngeni kwa Waswahili. Mwaka 1896 Salim bin Abakari alifuatana na bwana wake Mjerumani mpaka Urusi na Siberia, na safari ile akaieleza kwa Kiswahili. Mwaka 1931 Martin Kayamba, aliyekuwa karani wa serikali hapa Tanga, alikwenda London kutoa maoni mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza kuhusu kuunganishwa kwa nchi za Afrika Mashariki, naye akawaandikia wenzake kitabu cha Kiswahili juu ya safari hiyo. Naona ukarani wake ni somo. Karani huandika tarehe, jina na kiasi, na andiko la safari likikosa hayo matatu msomaji hana pa kulishika.

Kazi inaanza kabla ya safari, kwa kukusanya maswali. Pita kwa watu saba au wanane, uwaombe kila mmoja swali moja tu juu ya nchi uendayo. Usiwasaidie kuuliza, swali lako la kisomi halitakufikisha mbali. Muuza samaki wa Deep Sea hapa Tanga atakuuliza samaki asiyeuzika jioni wenzetu wanamfanyaje na barafu wanaitoa wapi. Fundi baiskeli atataka kujua baiskeli wanazifungia wapi usiku. Mama lishe atauliza kama mkaa upo. Bibi atatulia kidogo, kisha aseme: "Mjukuu wangu, hebu nitazamie, mtu akifa huko anazikwa siku hiyohiyo?" Yaandike maswali yote kurasa za mwisho za daftari, kila moja na jina la mwenyewe. Tayari una maandiko saba au manane kabla hujakata tiketi.

Tuchukue hilo la bibi, maana linaonyesha tofauti ya kujibu na kubabaisha. Ukiwa Uingereza, usimwandikie "huku wanachelewa kuzika". Ulizia msikitini au kwa wanaosimamia maziko, na utakuta habari inaanzia ofisini: daktari athibitishe sababu ya kifo, familia iandikishe kifo kwa msajili, ambako England na Wales sheria inatoa siku 5, kisha msajili atoe karatasi ya kuruhusu maziko. Ndiyo maana mtu akifariki Ijumaa jioni ndugu zake Waislamu wanahangaika, kwa kuwa ofisi nyingi zimefungwa mpaka Jumatatu. Sasa bibi ameelewa. Atasikitika, lakini ameelewa, na atamsimulia jirani bila kukosea.

Bei nazo zina adabu yake. Iandike kwa fedha ya hukohuko kwanza, halafu pembeni weka kiwango cha kubadilishia cha siku ile. Ukiandika kwa shilingi peke yake, baada ya miezi sita shilingi imepanda au imeshuka na hesabu yako haimsaidii mtu. Ukiandika bila kipimo ni hasara zaidi: mkate mmoja wa Tanga na mkate mmoja wa London si kitu kimoja, kwani ule mkubwa wa kule kwa kawaida ni gramu 800. Maziwa ya chupa wanayapima kwa paini, na paini ya Kiingereza ni mililita 568, kwa hiyo chupa ya paini 4 ni lita 2 na robo na ushee. Marekani kuna mtego mwingine. Bei iliyobandikwa kwenye rafu mara nyingi haina kodi ya mauzo ndani yake. Kodi huongezwa unapolipa, na kila jimbo lina kiwango chake. Ulaya kodi imo tayari kwenye bei ya rafuni. Asiyejua hili atawaandikia nyumbani bei za Marekani zilizopungua, na mtu atapangia safari bajeti isiyotosha.

Hapo wengi hutegemea risiti, wakizitia mfukoni wakidhani wamehifadhi ushahidi. Risiti nyingi huchapwa kwa moto juu ya karatasi yenye dawa, hazina wino hata tone. Ukiiacha kwenye gari lililopigwa jua, au ukaibana na plastiki ya kifuniko cha simu, maandishi yanapauka mpaka inabaki karatasi tupu. Nakili namba usiku uleule, au ipige picha ikiwa bado mbichi.

Kwa daftari, chukua dogo la mfukoni, la ukubwa wa A6, yaani sentimita 10.5 kwa 14.8. Kaunta buku ni zuri lakini litabaki chumbani, na ukiwa kwenye foleni ya uhamiaji huwezi kulitoa. Peni iwe ya kawaida, ya wino mzito. Zile za wino wa maji huvuja ndegeni: ndege ikipanda, shinikizo la hewa ndani hupungua, hewa iliyomo kwenye peni inatanuka na kusukuma wino nje, na shati jeupe limekwisha. Ukipenda kubeba ya wino wa maji, iwe imejaa kabisa au tupu kabisa, na ncha itazame juu.

Saa ni pahala ambapo maandiko mengi ya Waswahili waliosafiri huchanganya watu. Hesabu yetu ya saa inafuata jua, na jua letu halina mambo mengi: linachomoza karibu saa 12 na linazama karibu saa 12, mwaka mzima. London mwezi Juni linachomoza kabla ya saa 11 alfajiri na kuzama baada ya saa 3 usiku. Desemba linatoka kama saa 2 asubuhi na saa 10 jioni haijafika limeshazama. Kwa hiyo ukiandika "jioni" tu, msomaji wa Tanga anaona giza la magharibi wakati wewe ulikuwa mchana kweupe. Andika saa, na useme kama jua lipo. Kwa anayefunga Ramadhani ughaibuni hili ndilo jambo la kwanza watu wa nyumbani watakalouliza, basi waeleze mmeanza kufunga saa ngapi na kufuturu saa ngapi. Kumbuka pia Waingereza husogeza saa mbele Jumapili ya mwisho ya Machi na kuirudisha Jumapili ya mwisho ya Oktoba, hivyo tofauti na Tanga ni saa 2 wakati wa kiangazi chao na saa 3 wakati wa baridi. Simu inajirekebisha yenyewe. Kamera haijirekebishi, na usipoigusa picha zako zote zitabeba saa ya Tanga.

Wiki mbili za kwanza usikose hata usiku mmoja. Dakika 20 zinatosha: umelipia nini, umekwama wapi, nani kakuelekeza na kwa maneno gani, na nini hukukielewa. Hicho cha mwisho ndicho chenye thamani kubwa, na ndicho kinachopotea haraka. Mtu akishazoea kubonyeza kitufe ili mlango wa treni ufunguke, hakumbuki tena kwamba siku ya kwanza alisimama mlangoni akingoja ufunguke wenyewe, treni ikamwacha. Lakini mdogo wake atakayekuja mwakani atasimama vilevile. Wengine hurekodi sauti wakisema wataandika baadaye, nami sishauri. Saa nzima ya sauti inakula saa nyingi za kuandika, na ikifika rekodi ya kumi mtu hazifungui tena.

Mara moja kwa wiki, kaa na daftari uchague swali moja kutoka kurasa za mwisho na kulijibu kwa maneno 300 hadi 500. Zima kwanza kisahihishi cha Kiingereza kwenye simu, au weka kibodi ya Kiswahili. Vinginevyo maneno yako yatageuzwa Kiingereza nusunusu bila wewe kuona. Usiogope bando. Maneno 300 ya Kiswahili ni takriban kilobaiti 2, maana yake ukiandika kila siku mwaka mzima hujafika hata megabaiti moja, wakati picha moja ya simu za siku hizi ni megabaiti 3 au 4. Maandishi yanafika hata kijijini Mkinga kwenye mtandao wa kuunga. Picha zikihitajika, weka mbili au tatu zenye kueleza kitu: mashine ya tiketi, kibao cha bei, kufuli la baiskeli. WhatsApp huzibana picha hadi maandishi madogo hayasomeki, kwa hiyo kibao cha bei kitume kama dokumenti. Nakala ya andiko jitumie pia kwa barua pepe, maana simu huibwa.

Andiko mtumie kwanza aliyeuliza, peke yake. Akirudi na "Sasa hapo kwenye kufuli sijakuelewa, mwanangu," rekebisha hapo, ndipo uliweke hadharani kwa wote.

Kabla hujaliweka, yapo ya kuondoa. Tiketi ya ndege isionekane hata nusu: ule mstari wa kuskani na namba ya kubuki yenye herufi na tarakimu 6, vikiungana na jina lako, vinaweza kumfungulia mtu safari yako akaibadili au akaifuta. Ulipo sasa hivi usipataje, andika ukishaondoka. Watoto wa watu usiwapige picha bila ruhusa ya wazazi. Kaunta za uhamiaji na vituo vya mpaka usivipige kabisa. Na habari za makaratasi ya Mtanzania mwenzako, amekuja na viza gani, inaisha lini, anafanya kazi wapi, hizo si zako. Nalisema kwa uzito wake, maana mstari mmoja ulioandikwa kwa nia njema unaweza kumrudisha mtu kwao.

Ujue pia mitandao ya uendako. China bara WhatsApp, Facebook na Google zimezuiwa, kwa hiyo anayekwenda Guangzhou afungue WeChat angali Tanga na awafungulie na wawili watatu wa nyumbani. Dubai ujumbe wa WhatsApp unapita, simu za WhatsApp hazipiti. Laini ya Tanzania usiitupe, kwa sababu namba za siri za akaunti zako zitakuja humo. Iache kwenye simu ya laini mbili na uiwashie huduma ya nje kabla hujaondoka. Pawabenki ya kuchajia simu ikae kwenye begi la mkononi ukipanda ndege, isizidi wati-saa 100, yaani kipimo cha umeme inaoubeba; iliyoandikwa mAh 20,000 ni kama wati-saa 74, inaruhusiwa.

Na ukiwa huko, itafute Tanga iliyotangulia. Kwenye baa za Uingereza kuna ubao wa duara wa kurushia vishale. Ubao ulio mzuri ni nyuzi za mkonge zilizosimamishwa na kubanwa, kishale kikichomolewa nyuzi zinajirudi na tundu linajiziba. Mkonge ulifika pwani hii mwaka 1893, ukiletwa na Mjerumani Richard Hindorf, na wazee wengi wa Muheza na Korogwe wameukata bila kujua unaishia kwenye mchezo. Andiko kama hilo likifika kambi za mkonge litasomwa kwa sauti.

Asiye na viza asingoje. Horohoro ipo, na Mombasa iko nchi nyingine. Beba pasipoti au hati ya muda ya kusafiria, kadi ya njano ya chanjo na daftari, na maswali manne tu. Andika nauli ya basi, kiwango ulichobadilishia fedha mpakani na kile ulichokuta mjini, bei ya kilo ya samaki changu na ya nazi moja, muda uliotumia foleni ya kutoka na ya kuingia. Ukirudi, kaa na waliokuuliza uwasomee. Kila mahali watakapokukatiza kwa swali ambalo daftari halina jibu lake, weka alama ya kalamu nyekundu, kisha alama hizo zigeuze kuwa orodha ya kubeba safari ya mbali.