Ana pesa, sawa, lakini fomu ya mali iko wapi?

Uchaguzi ukikaribia hapa Mombasa lazima utasikia mtu akisema "bora tajiri, huyo ashashiba, hataiba". Mie hii hoja hainiingii kabisa. Kwani kuna aliyeshiba pesa? Mwenye nyumba tatu Nyali si ndiye huyo huyo aimezea mate ploti ya umma pale ufuoni? Lakini na wale wasemao tumpe maskini mwenzetu ajua shida zetu, pia siwaamini, manake wako walioingia ofisini na ndara wakatoka na magodauni.

2022 tulionyeshwa sinema yenyewe. Ruto, aliyekuwa akigombea urais, alikuwa naibu wa rais tangu 2013, lakini wilibaro, ile alama ya kampeni yake, ikazungushwa nchi nzima na hadithi ya kuuza kuku kando ya barabara. Mwaka mmoja kabla, waziri Matiang'i alienda mbele ya kamati ya Bunge akasoma orodha ya mali alizosema ni za Ruto na zalindwa na polisi, mahoteli, mashamba, ungedhani jamaa ataaibika. Wapi! Watu wakasema si ametafuta, mwacheni. Na upande wa pili walikuwa kina Kenyatta na Odinga, ambao maskini si jina lao, kwa hivyo hiyo hasla na daynasti, yaani mhangaikaji dhidi ya koo za watawala, ilikuwa ni matajiri kwa matajiri na sisi ndio tuliokuwa tunapigana.

Huku chini kwenye wadi ndio kuna vituko. Kuna kijana mwalimu aligombea uMCA, yaani ujumbe wa bunge la kaunti, alikuja maskani na tuktuk, akakaa kwenye benchi na wazee, akaongea mambo ya maji na mtaro ulioziba nyuma ya msikiti, kwa adabu zake zote. Alipomaliza mzee mmoja akamwambia, "Mwanangu maneno yako mazuri, haya, watuwachia nini?" Akatoa mia mbili, akasema wazee wangu mnywe kahawa. Mia mbili, na benchi limejaa! Alichekwa mpaka tuktuk ikapiga kona. Jioni akaja mwengine na Prado mbili, hata hakushuka, kioo kikateremka nusu, bahasha ikatoka, majina yakaandikwa, na huyo ndiye aliyeshinda. Mtaro ulikuja kuzibuka baadaye, na mvua, si na mheshimiwa.

Kwa hivyo ukiniambia mali ya mgombea si hoja, nakwambia ishakuwa hoja zamani, ila twaiuliza kombo. Twauliza anazo? Hatuulizi kazitoa wapi, na hizi azimwagazo hapa atazirudishaje. Sheria ya fedha za kampeni ipo tangu 2013 lakini uchaguzi wa 2017 na wa 2022 yote ilipita bila kikomo cha matumizi kufanya kazi, kila mtu alimwaga alivyoweza.

Wenzetu Tanzania na Azimio la Arusha la 1967 walimkataza kiongozi hisa, mishahara miwili, hata nyumba ya kupangisha. Sisi 1971 Tume ya Ndegwa ikaenda kinyume kabisa, ikaona mtumishi wa serikali afanye tu biashara zake. Sisemi turudi kwa hilo Azimio la Arusha, hata wenyewe walikuja kulilegeza, na Mpwani umkataze biashara umwache na nini sasa. Tajiri wa urithi, au wa makontena pale bandarini aliyelipa ushuru wake, mie sina neno naye.

Nitakacho ni karatasi. Sheria ya 2003 ilitaka mtumishi wa umma ajaze fomu ya mali akiingia kazini, kila miaka miwili, na akitoka. Fomu zikajazwa, zikafungiwa kabatini, mpiga kura asizione. Ukiweka ile ya kuingia kando ya ile ya kutoka, na mshahara wajulikana, hesabu yake hata mtoto wa darasa la sita aipiga. Najua kuna atakayeniambia Trump 2016 alikataa kuonyesha karatasi zake za kodi na bado akashinda. Sawa, lakini Wamarekani walijua kuwa amekataa, sisi hata kuulizana hatuulizani.

Na wagombea wetu wa 2027 hawana haja ya kungoja sheria, mali ni yako, iandike mwenyewe uibandike ukutani pale ofisi ya kampeni kando ya hiyo picha yako unayocheka. Wa kwanza kufanya hivyo nampigia kampeni bure, hata kama ana meli.