Pembe ya Kwetu Katika Baridi ya New York

Baridi ya Januari ikishakuwa ya kukata masikio, ndipo mimi hupenda kwenda kwenye makumbusho ya The Cloisters. Nashuka treni ya A kituo cha 190th Street, napanda lifti, kisha natembea ndani ya bustani ya Fort Tryon, theluji ikilialia chini ya viatu. Watalii wa kiangazi hawapo. Safari hii kuna vyumba nilivyokaa robo saa nzima bila kuona mtu isipokuwa mlinzi.

Makumbusho haya ya sanaa ya Zama za Kati yalifunguliwa 1938, kwa fedha za John D. Rockefeller Mdogo, na ndani yake mmeunganishwa mawe ya nyumba za watawa yaliyovushwa bahari kutoka Ufaransa. Ua wa Cuxa, wenye nguzo za marumaru ya waridi za karne ya 12, wakati wa baridi huzibwa kwa vioo na mimea ya vyungu huingizwa humo. Unatoka kwenye barafu, unapokewa na harufu ya udongo uliotiwa maji. Mtu wa Lindi kama mimi husimama hapo mpaka vidole vipate uhai.

Wengi huenda moja kwa moja kwenye mazulia ya ukutani ya farasi mwenye pembe moja, na wana haki, ni mazuri mno. Mimi kilichonishika ni kidogo zaidi: sanamu ya Bikira Maria akiwa amempakata Mwanawe, iliyochongwa Paris katika karne ya 13 kwa pembe ya ndovu. Niliinama mpaka pumzi yangu ikaweka ukungu kwenye kioo. Mikunjo ya nguo inateremka magotini laini kama kanga iliyofuliwa mara nyingi. Kwenye nywele na pindo bado kuna mabaki ya rangi na dhahabu.

Paris haina ndovu. Wanahistoria waliofuatilia biashara hii wanaona kwamba sehemu kubwa ya pembe za wachongaji wa Ufaransa wa wakati ule ilitoka Afrika Mashariki: zilibebwa kutoka bara hadi pwani, zikapakiwa majahazini hadi Aden, zikapanda Bahari ya Shamu mpaka Misri, ndipo zikavuka Mediterania. Ibn Battuta, msafiri wa Moroko, alifika Kilwa mwaka 1331. Anasimulia kwamba Sultani al-Hasan bin Sulaiman alimpa fakiri mmoja watumwa kumi na mizigo miwili ya pembe, na kwamba zawadi za watu wale zilikuwa pembe zaidi kuliko dhahabu. Hao watumwa kumi siwezi kuwaruka ninapoisoma habari hiyo. Mizigo ile nayo ilihitaji mabega ya watu.

Nilipokuwa sekondari tulipelekwa Kilwa Kisiwani kwa mashua kutoka Kilwa Masoko. Tukasimama chini ya kuba za Msikiti Mkuu, mwalimu akatueleza habari za masultani. Kisha, kwenye kipindi kingine na daftari jingine, tukasoma Zama za Kati: mabwana wa ardhi, makasisi, ngome. Hakuna aliyetuambia kwamba ni karne zilezile, na kwamba kati ya madaftari yale mawili kulikuwa na jahazi. Naona tulidhulumiwa hapo, na watoto wetu bado wanadhulumiwa. Mtoto wa pwani anapaswa kuingia kwenye vyumba hivi akijua kwamba huenda mali iliyo ndani ya kabati lile ilipita bandarini kwa babu zake. Sisemi tudai sifa ya uchongaji, maana mkono ni wa fundi wa Paris na ni mkono uliobarikiwa. Nasema habari isimuliwe tangu porini, tangu kwa ndovu mwenyewe na waliomfuata.

Mwezi ujao, kabla theluji haijayeyuka, nitarudi na binti yangu. Ana miaka tisa na atataka kukimbilia kwa yule farasi. Nitamwomba tuanze na pembe, nimfungulie ramani ya Kilwa kwenye simu, palepale mbele ya kioo.