Mchungaji mmoja kwenye karatasi, wawili kazini

Nyumbani wakisikia mchungaji fulani na mkewe wamehamia Marekani, wanaona kanisa lenye zulia, gari na mshahara wa dola. Tulio huku tunajua kwamba mchungaji wa kanisa la Waswahili, liwe Houston, Columbus au Minneapolis, mara nyingi anabeba boksi, yaani anafanya vibarua vya nguvu, kama waumini wake, na mkewe anabeba kuliko yeye. Kwa mtazamo wangu, nyumbani utumishi wa mume na mke unabebwa na usharika. Huku unabebwa na mshahara wa mama mchungaji. Na kote kuwili jina lake halipo kwenye karatasi.

Chukua usharika wa KKKT, Kanisa la Kilutheri la Tanzania, kule Machame au Marangu mkoani Kilimanjaro. Nyumba ni ya usharika, iko hatua chache kutoka kanisani. Baada ya ibada kuna mnada: mkungu wa ndizi, kuku, trei ya mayai. Fedha zinaingia usharika, lakini hata nyumba ya mchungaji haisahauliki, jirani atapitisha maziwa au maharage. Bei yake ni kwamba mlango haufungwi. Anayekuja saa moja asubuhi na shida ya ndoa anakunywa chai, mzee wa kanisa anayepita saa saba anakuta chakula, na sukari, unga na mkaa vinatoka kwenye pochi ya mama. Umoja wa wanawake unamtazama yeye, msibani anategemewa awahi. Akiwa mwalimu wa serikali, kila mumewe akihamishwa naye anaandika barua halmashauri kuomba uhamisho, na jibu likichelewa wanaendesha nyumba mbili kwa mshahara uleule.

Tena nyumba ile si yao. Siku ya kustaafu funguo zinarudi usharikani. Mchango wa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa Tanzania, ni asilimia 20 ya mshahara, kwa mwajiri na mwajiriwa pamoja, na pensheni ya uzee inataka michango ya miezi isiyopungua 180. Miezi ambayo mwajiri hakupeleka haionekani mpaka siku ya kudai, kwa hiyo taarifa ya michango iombwe kila mwaka, isingoje uzee. Na msingi wa nyumba yao wenyewe uchimbwe watoto wangali shule ya msingi.

Sasa huku. Kanisa nyingi za Waswahili zinapanga jengo la Wamarekani. Wenye jengo wanamaliza kabla ya saa saba, ibada yetu inaanza saa nane mchana. Mkataba mara nyingi unadai bima ya dhima, yaani ya kulipia mtu akiumia au mali ikiharibika, mara nyingi ya dola milioni moja, na jina la wenye jengo liwe limeandikwa kwenye bima hiyo. Jikoni kama hakuna kofia ya kunyonya moshi yenye kizima moto, kukaanga kwa mafuta ni marufuku: sambusa zikaangwe nyumbani. Pilau ya watu 80 ni mchele kilo 10 hivi, yaani mfuko wa pauni 20 na kidogo, na nyama kilo 7. Nani anaipika Jumamosi usiku, nani anasugua masufuria Jumapili saa moja jioni ili amana ya jengo isikatwe? Jibu mnalo.

Mama huyo huyo anafanya kazi kwenye nyumba ya kulelea wazee, saa moja jioni mpaka saa moja asubuhi, usiku tatu kwa wiki. Saa 36 hizo ndizo zinazoleta bima ya afya ya familia, maana kanisa dogo haliwezi kuilipa. Akiondoka mmoja, anaingia mwingine, wanapeana watoto na funguo mlangoni. Ninachowashauri wenye ratiba hiyo ni kuchagua usiku mmoja usioguswa na kanisa wala kazi, na wazee wa kanisa waambiwe ni upi. Jumatatu inafaa kuliko Jumamosi. Jumamosi ni ya harusi na arobaini, haitaachwa.

Hapo nazungumzia mama mwenye ruhusa ya kazi. Mchungaji aliyeletwa kwa viza ya R-1, ya watumishi wa dini, anapewa hadi miezi 30, na jumla yake haizidi miaka mitano. Mkewe anaingia kwa R-2, viza ya familia yake: anaruhusiwa kusoma, haruhusiwi kufanya kazi. Akifanya kinyemela, kusafisha nyumba au kulea mtoto wa mtu, amevunja masharti ya viza, na swali hilo linamsubiri siku ya kuomba makaratasi ya kudumu. Kanisa linaloalika mchungaji kwa mshahara ambao bila kazi ya mkewe hautoshi kodi ya nyumba limewaalika kwenye mtego. Nalisema hivyo hata kama litawaudhi wazee wetu.

Kwenye kodi ya serikali ndiko ninakoona makosa yasiyorekebishika. Mchungaji wa Marekani, hata akiwa mwajiriwa, kwa upande wa hifadhi ya jamii (Social Security) anahesabiwa kama aliyejiajiri: analipa asilimia 15.3 yeye mwenyewe, kanisa halimlipii nusu. Likimpa posho ya nyumba, posho hiyo haitozwi kodi ya mapato, lakini ile 15.3 inaigusa. Na lazima iamuliwe kwa muhtasari wa kikao kabla haijalipwa. Muhtasari ulioandikwa Desemba kuhalalisha malipo ya tangu Januari haufai kitu. Kinachosamehewa ni kiasi kilicho kidogo kati ya vitatu: kilichopitishwa na kikao, kilichotumika kweli kwa nyumba, na pango la bei ya soko ambalo nyumba hiyo ingepangishwa, pamoja na samani na umeme wake.

Halafu kuna fomu 4361 ya mamlaka ya kodi, IRS. Inamtoa mchungaji kwenye hifadhi ya jamii kwa mapato ya uchungaji, na kwa kijana mwenye watoto watatu inaonekana kama baraka. Sababu inayokubalika ni ya imani, kwamba dhamiri yake inapinga bima ya namna hiyo ya serikali, wala si kubana matumizi. Muda wake unakwisha pamoja na muda wa kupeleka ritani, yaani hesabu ya kodi, ya mwaka wa pili ambao alipata dola 400 au zaidi za kujiajiri, hata kama ni sehemu yake tu iliyotokana na uchungaji. Akishakubaliwa, hairudishwi. Mkewe anapaswa kuisoma kabla ya sahihi, kwa sababu inamgusa yeye pia: mke wa mtu mwenye pointi 40, zinazohesabiwa kwa mapato yaliyolipiwa hifadhi ya jamii na hazipatikani chini ya miaka 10, anaweza kupata hadi nusu ya malipo ya mumewe akifika umri kamili, miaka 67 kwa waliozaliwa 1960 na kuendelea, na akifiwa anaweza kurithi malipo yote. Pointi zisipokuwepo, nusu hiyo haipo na urithi haupo. Pointi alizopata mama kwenye nyumba ya wazee zinabaki zake, na mara nyingi ndizo zitakazowalisha wote wawili.

Michango ya msiba nayo isipite kwenye akaunti ya mchungaji hata siku moja. Kusafirisha mwili mpaka Kilimanjaro ni maelfu ya dola na vibali kadhaa. Ifunguliwe akaunti ya familia, mweka hazina asiwe ndugu wa mchungaji, hesabu isomwe mbele ya watu.

Wanaopanga kuzeekea nyumbani waangalie kadi zao. Malipo ya hifadhi ya jamii yanaweza kumfuata raia wa Marekani mpaka Tanzania, lakini Medicare, bima ya afya ya serikali kwa wazee, haivuki: kwa kawaida hospitali ya Moshi hailipwi nayo. Wanaorudi watenge fedha ya bima ya huko kabla ya kukata tiketi, na waitenge kwa majina mawili.