Mtoto wa Mbwa Asiye na Mstari Mgongoni

Familia yetu imekuwa ikifuga na kuzalisha mbwa wa aina ya Ridgeback katika viunga vya Usa River, mkoani Arusha, tangu mwaka 1996. Katika miaka yote hiyo tumeuguza mbwa wenye homa ya kupe, tumekesha na jike anayezaa, na tumempoteza dume mzuri kwa usiku mmoja baada ya tumbo lake kujaa gesi na kujipinda, ajali inayowapata mbwa wakubwa wenye kifua kirefu hata kama wametunzwa vizuri. Hata hivyo, linalonisumbua mpaka leo ni watoto wawili wa mbwa waliouawa nyumbani kwetu kwa sababu walizaliwa bila mstari mgongoni.

Kwa asiyewafahamu, Ridgeback ni mbwa mwekundu wa rangi ya ngano, ambaye dume lake hufikia sentimita 63 hadi 69 begani. Alama yake ni ukanda wa manyoya yanayoota kuelekea kichwani wakati manyoya mengine yote yanaelekea mkiani. Ukanda huo huanza nyuma tu ya mabega, ambako huwa na mizunguko miwili inayoelekeana, kama ule mzunguko wa nywele utosini mwa mtoto, kisha huenda ukipungua upana hadi kwenye nyonga. Mbwa wa Wakhoikhoi wa kusini mwa Afrika walikuwa nao kabla ya walowezi kuwachanganya na mbwa wao kutoka Ulaya. Wawindaji kama Cornelius van Rooyen, katika nchi ambayo leo ni Zimbabwe, waliwatumia kumzingira simba na kumshughulisha mpaka mwenye bunduki afike. Mwaka 1922, mjini Bulawayo, Francis Barnes na wenzake waliandika vigezo vya aina hiyo, na tangu hapo mstari ukawa muhuri wa uhalali wake.

Baba alimpata Tausi, jike letu la kwanza, kutoka kwa mkulima wa kahawa aliyekuwa akihama. Pamoja na cheti cha ukoo alipewa maelekezo kuhusu chakula, chanjo na kupandisha, na mwishoni akaambiwa kwamba mtoto akizaliwa bila mstari aondolewe siku hiyohiyo, kwani akibaki ataharibu mbegu. Mwaka 1998 Tausi alizaa watoto tisa, na wawili kati yao walikuwa na mgongo laini. Baba, mtu aliyekulia kwenye ng'ombe na asiyeweza kumpiga ndama, alichukua ndoo ya maji akaenda nyuma ya banda. Nilikuwa na miaka 11 na niliona yote. Tausi aliwatafuta watoto wake siku mbili, akinusa kila pembe ya banda.

Aliyepinga waziwazi alikuwa bibi mzaa mama, mtu wa Pangani, ambaye kwa imani yake hakukubali mdomo wa mbwa uguse hata kikombe chake. Alimwambia baba: “Baba Rehema, mate ya mbwa ni najisi kwangu, lakini roho yake ni ya Mungu. Yupo mtu aliyesamehewa dhambi zake kwa kumnywesha maji mbwa mwenye kiu. Wewe unawazamisha kwenye maji kwa kosa gani?” Baba hakujibu. Uzao uliofuata alipopatikana jike asiye na mstari, baba alimwacha, nasi tukamwita Laini.

Katika uzao huohuo kulikuwa na dume mwenye mstari ulionyooka kama uliochorwa kwa rula, na wageni walimtaka kabla hajafumbua macho. Alipofikisha wiki sita, shingo yake ilivimba. Daktari wa mifugo alitueleza kwamba ana tundu jembamba kama mrija, linaloanzia kwenye ngozi na kuzama hadi karibu na uti wa mgongo, na kwamba uchafu hukusanyika humo hadi kutunga usaha. Alipasuliwa, lakini hakupona. Laini aliishi miaka 12 bila kulazwa hata siku moja.

Tulidhani ni bahati mbaya tu, mpaka wanasayansi walipochapisha mwaka 2007 kwamba mstari ule unatokana na kipande cha vinasaba kilichojirudia. Mbwa aliyerithi kipande hicho kutoka kwa mzazi mmoja tu huwa na mstari. Aliyekirithi kutoka kwa wazazi wote wawili huwa nao pia, lakini hatari ya kupata lile tundu kwake ni kubwa zaidi. Asiye na mstari hana kipande hicho kabisa. Kwa maneno mengine, tulikuwa tukiwaua wale waliokuwa mbali zaidi na ugonjwa, na kuwapandisha waliokuwa karibu nao. Nchini Uingereza, kanuni za klabu ya wafugaji wa aina hii ziliendelea kuagiza watoto wasio na mstari wauawe, zikaja kubadilishwa baada ya filamu ya BBC ya mwaka 2008 kulifichua jambo hilo hadharani.

Laini tulimpandisha kwa dume mwenye mstari. Alizaa wanane, watano wakiwa na mstari na watatu bila, na hakuna aliyekuwa na tundu. Hesabu yake ni nyepesi: mzazi mmoja asiye na kipande kile akiwapo, hakuna mtoto anayeweza kukirithi mara mbili. Ndiyo maana naona ni kosa kwamba vigezo vya maonyesho bado vinamfukuza mbwa mwenye mgongo laini, na ni kosa kubwa zaidi kwa mfugaji wa hapa kwetu, ambaye hafikirii maonyesho yoyote na anachotaka ni mlinzi wa boma mwenye afya na tabia njema, kumwita mbwa huyo mbovu. Nimesikia Arusha na Moshi wauzaji wakisema “huyo si mbegu safi” juu ya mtoto aliyetoka tumbo moja na wenzake. Mnunuzi anayesikia maneno hayo amuulize muuzaji wazazi wote wawili wako wapi, kisha yeye mwenyewe apitishe vidole taratibu kuanzia shingoni hadi mkiani mwa kila mtoto, akiinua ngozi kidogo kidogo, kwa kuwa tundu lile hujulikana kwa kuguswa kama uzi mgumu chini ya ngozi.

Kazi hiyo nyumbani kwetu ni ya baba. Macho yake yamepungua nguvu, lakini kila jike akizaa tunampakatisha watoto mmoja mmoja, naye huwapapasa migongo kwa muda mrefu kabla ya kuwarudisha kwa mama yao. Haulizi tena yupi ana mstari.